Korongo la Sekenke na Hesabu ya Mafuriko

Kila nisomapo habari za Bonde la Msimbazi, mawazo yangu hurudi Sekenke. Jijini Dar es Salaam kazi inaendelea: mradi ulioidhinishiwa mkopo na Benki ya Dunia mwaka 2022 umewalipa fidia wakazi wengi wa bonde la chini ili wahame, na pale Jangwani linajengwa daraja jipya. Watu wanajadili viwango vya fidia, kasi ya mkandarasi na hatima ya eneo litakaloachwa wazi. Ni mijadala ya haki kabisa. Lakini chini ya yote hayo iko hesabu ambayo ni nadra kujadiliwa hadharani: mvua ikinyesha kwa nguvu kwenye vilima vya Pugu, ni maji kiasi gani yatafika Jangwani, baada ya muda gani, na yatapanda hadi wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua nyumba ipi ibaki na ipi ivunjwe.

Hesabu hiyo niliifahamu kwa vitendo mwishoni mwa miaka ya 2000, kwenye korongo moja linaloshuka kutoka mteremko wa Sekenke, wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Halikuwa korongo kubwa. Kiangazi watoto walicheza mpira kwenye mchanga wake. Hata hivyo, karibu yote ninayoyaamini leo kuhusu mafuriko niliyapata pale, na ninayaandika kwa sababu naona yanahusu Msimbazi, yanahusu Katesh chini ya Mlima Hanang, na yanahusu kila kijiji chenye korongo nyuma ya nyumba.

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega akishapita Misigiri huona ardhi ya juu ya Iramba ikikatika ghafla. Barabara huuteremka Mlima Sekenke kwa kona kali mpaka Shelui, na mbele yake hutandazwa mbuga ya Wembere. Maji ya upande huo hayaijui bahari. Huteremka hadi Wembere, huelekea Ziwa Kitangiri, kisha kwa Mto Sibiti huishia Ziwa Eyasi, yakakaukia huko. Ni sehemu ya Bonde la Kati, moja ya mabonde 9 ya maji ya Tanzania, ambalo ofisi yake iko Singida mjini. Wengi hulijua jina la Sekenke kwa dhahabu: Wajerumani walifungua mgodi hapo mwaka 1909, na dhahabu yake ndiyo iliyogongwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mimi sikupelekwa na dhahabu. Nilipelekwa na kivuko kilichosombwa.

Nilikuwa fundi sanifu kijana katika kampuni ndogo ya ushauri wa kihandisi. Kivuko cha barabara ya kijiji kilikuwa na mabomba mawili ya zege, kila moja na kipenyo cha mita 1, na masika yaliyotangulia yaliyang'oa yote mawili pamoja na tuta la barabara, maji yakaingia kwenye nyumba za upande wa chini. Nililitazama bomba moja likiwa limelala mbali, zima, halina hata ufa. Fundi aliyelimwaga alifanya kazi nzuri. Zege lilitosha; nafasi ya maji ndiyo haikutosha. Nilipowauliza watu ukubwa ule ulichaguliwaje, mzee mmoja alinijibu, “Mwanangu, mabomba mawili ndiyo yaliyotoshea fedha.”

Jibu hilo lilinifungua macho. Bomba la mita 1 hupitisha takribani mita za ujazo 2 hadi 3 za maji kwa sekunde. Mawili, tuseme 5. Sasa tulipime korongo lenyewe kwa kanuni kongwe ambayo wahandisi wameitumia tangu katikati ya karne ya 19: ukubwa wa eneo linalokusanya maji, mara ukali wa mvua, mara sehemu ya mvua hiyo inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi. Chukua bonde la hekta 900. Chukua mvua ya milimita 40 kwa saa, na useme asilimia 35 yake hutiririka. Zidisha, gawanya kwa 360 ili upate mita za ujazo, na jibu ni 35 kwa sekunde. Maji ya 35 yalielekezwa kwenye tundu la 5. Kivuko kile kilikuwa kimeshasombwa siku kilipokabidhiwa. Ilisubiriwa mvua tu. Funzo la kwanza likawa hili: mafuriko mengi tunayoyaita majanga huanza mezani, pale bajeti inapoamua ukubwa wa njia ya maji kabla mtu hajauliza maji ni kiasi gani.

Kanuni ni rahisi kuandika. Ugumu uko kwenye tarakimu tatu, mbili za kuingiza ndani yake na moja ya kuikagua, na kila moja ilinipeleka kwa mtu tofauti.

Tarakimu ya mvua ilinipeleka kwa mwalimu mstaafu. Kwenye vituo vyetu vya kawaida mvua husomwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi, na daftari huandika jumla ya saa 24. Milimita 60 zilizoandikwa hivyo zinaweza kuwa manyunyu ya usiku kucha, yanayozama ardhini bila kelele, au dhoruba ya saa moja inayong'oa madaraja. Daftari halitofautishi. Mwalimu huyu alikuwa ametunza kipima mvua cha shule kwa miaka mingi, na pembeni ya tarakimu alizoea kuandika maneno machache: ilianza alasiri, ikakatika kabla ya magharibi, au, usiku kucha, nyepesi. Hakuna aliyemwagiza. Nilipomuuliza sababu, alisema mkulima anayetaka kujua kama mbegu zake zimesombwa hahitaji jumla ya siku; anataka kujua mvua ilipiga vipi.

Baadaye nilikuja kusoma ripoti za maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ambayo miaka ya 1970 iliweka vipimo kwenye mabonde madogo ya Kenya na Uganda ili kutengeneza modeli ya mafuriko ya Afrika Mashariki. Watafiti wake walithibitisha kwa mitambo lile ambalo mwalimu aliliandika kwa kalamu: katika nchi za bara, sehemu kubwa ya mvua ya siku hushuka ndani ya muda mfupi, tofauti na pwani ambako hurefuka zaidi. Wahandisi wa ukanda wetu bado huzitumia kanuni zile kugeuza mvua ya siku kuwa mvua ya saa. Nusu karne imepita. Mabonde madogo yanayopimwa hivyo leo ni machache mno, na jambo hilo hunisumbua kuliko upungufu wowote wa kompyuta.

Tarakimu ya ardhi ilinipeleka kwa mchungaji wa ng'ombe. Nilikuwa na ramani ya miinuko iliyotokana na chombo cha anga cha Endeavour, kilichoipima dunia kwa rada Februari 2000. Ilikuwa hazina kubwa kwa nchi zetu, na tuliipata bure. Lakini kila kipande cha ramani ile kilisimamia mita 90 kwa 90 za ardhi, na korongo langu lilikuwa na upana wa hatua chache. Kwenye kompyuta halikuwepo kabisa. Ilinibidi nitembee, na mchungaji akanitembeza.

Alinionyesha kwanza majabali ya juu, yale mawe makubwa ya Singida ambayo maji hayazami ndani yake hata kidogo. Mvua ikiyapiga, alisema, korongo huanza kunguruma kabla mtu wa chini hajaona tone. Halafu akanishusha kwenye udongo mweusi wa mbuga. Ulikuwa mwezi wa mwisho wa kiangazi na nyufa zake zilimeza fimbo yake hadi nusu. Akaniambia mvua za kwanza, za Novemba na Desemba, huishia humo ndani. Ila zikishafumba nyufa, kuanzia Februari na Machi, mvua ileile hukimbia yote. “Usiulize mvua ni kubwa kiasi gani,” alisema. “Uliza imeikuta ardhi ikoje.”

Katika vitabu jambo hilo lina hesabu yake. Kuna njia iliyotengenezwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani miaka ya 1950, ambayo huipa kila ardhi namba kati ya 0 na 100 kulingana na udongo, mimea na unyevu uliotangulia. Namba ikipanda, maji yanayotiririka huongezeka. Programu kama HEC-HMS, inayotolewa bure na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, huitumia mpaka leo. Lakini majedwali yake yaliandikwa kwa mashamba ya Marekani. Mtu wa kunieleza ardhi ya Sekenke inastahili namba gani mwezi wa Desemba na namba gani mwezi wa Machi alikuwa anatembea mbele yangu na mifugo yake. Tuliendesha modeli kwa hali zote mbili. Kwa mvua ileile, kilele cha Machi kiliizidi Desemba kwa mbali, na kivuko kikapangwa kwa Machi.

Tarakimu ya tatu ilikuwa ya kukagua mbili za mwanzo. Korongo lile halikuwahi kuwa na kipimo cha mtiririko, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kulinganisha na modeli. Mama mmoja mwenye nyumba upande wa chini ndiye aliyetatua hilo. Alinipeleka kwenye ukuta wa ghala lake akanionyesha mstari wa tope uliosalia kwa miaka. Ni maji ya El Niño, alisema, yale ya 1997 kuingia 1998. Jirani yake akakumbuka mgunga ambao takataka zilinasa kwenye matawi yake katika mafuriko hayohayo. Mzee mwingine akaonyesha jiwe ambalo maji yalilifunika. Tulipima alama zote kwa leveli na stafu, na zikajipanga kwenye mteremko mmoja. Watu wa nyumba tofauti, wasiokaa pamoja kushauriana, kumbukumbu zao zilikubaliana kwa tofauti isiyozidi kiganja.

Ukiwa na alama kama hizo, sura ya korongo, mteremko wake na ukwaru wa kingo zake, unaweza kukokotoa maji yaliyopita kwa kanuni ya Manning, mhandisi wa Ireland wa karne ya 19. Tukafanya hivyo. Jibu likazidi kile ambacho modeli ilitupa kwa bonde kama lilivyochorwa kwenye ramani ya zamani, likiwa bado na miti yake. Tofauti hiyo ilikuwa na maana, na maana yake ilikuwa juu mlimani.

Kule juu walikuwepo wachimbaji wadogo. Tulipanda kwao tukakuta maduara mapya, yaani mashimo ya kuchimbia, kando ya yale ya zamani, makarasha yakisaga mawe, na mialo ya kuoshea udongo ikiwa imesogezwa karibu na maji, kama ilivyo kawaida. Miti ilikuwa imekatwa kwa ajili ya kuegemeza maduara, na mingine kwa ajili ya mkaa. Marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa na kukamatwa dhahabu, yalirundikwa kwenye ukingo wa korongo. Kila masika rundo lilishuka, likajaza njia ya maji chini, na maji yaliyokosa kina yakatafuta upana, yaani yakatafuta nyumba.

Rudi kwenye mfano wetu wa hekta 900. Ukikata miti na kuufunga udongo kwa kukanyaga, ile asilimia 35 inayotiririka ikapanda hadi 50, kilele hakibaki 35. Kinakuwa 50. Mvua haijaongezeka hata tone. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba modeli ya mafuriko ni hesabu ya matendo ya watu juu ya ardhi, na kwamba anayeketi chini hulipa gharama ya uamuzi uliofanywa juu na mtu ambaye pengine hawajawahi kuonana.

Nilijifunza pia kutokimbilia kulaumu. Mchimbaji mmoja, kijana wa rika langu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, “Injinia, ukinihamisha ukingoni, maji ya kuoshea unanipa wapi?” Lilikuwa swali la haki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji, na katika korongo kama lile sheria ina busara kubwa. Lakini mpango usiojibu swali la kijana yule hubaki kwenye karatasi. Ndiyo maana katika mapendekezo tuliandika bwawa dogo la kuoshea, mbali na ukingo, lenye tuta la kuzuia marudio yasishuke. Ni sehemu ya mpango wa mafuriko kama kivuko kilivyo sehemu yake.

Siku ya mkutano wa kijiji tulibandika ramani ukutani. Niliambiwa nieleze maana ya mafuriko ya miaka 25, na nikaona nyuso zikihesabu: yalikuja 1998, basi yatarudi baada ya 2020. Dhana hiyo ni ya hatari, na nimeikuta hata kwa viongozi wasomi. Nikaeleza kwamba maana yake ni uwezekano wa asilimia 4 kila mwaka, kila mwaka upya, wala maji hayana deni wala zamu. Katika miaka 25, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja unafika karibu asilimia 64. Hata yale ya miaka 100, mtu anayejenga nyumba akakaa miaka 30 ana nafasi ya asilimia 26 ya kuyaona mlangoni. Kimya kikatanda kidogo, kisha mama mwenye ghala akasema kwamba mtoto wake alikuwa anataka kujenga karibu na korongo, na sasa atamwambia asijenge.

Mpango waliouchagua haukutegemea zege peke yake. Kivuko kilibadilishwa kuwa drifti pana, ambayo maji makubwa huipita juu bila kuing'oa, na watu husubiri saa chache. Upande wa juu wa korongo yakapangwa matuta ya kontua na vizuizi vya mawe vya kupunguza kasi. Wasukuma waliohamia pande zile wakapendekeza kitu wanachokijua tangu kwao, ngitili, eneo la malisho linalofungwa ili nyasi zipumzike. Ndiyo mila ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza 1986 uliifufua na kuieneza. Walilinena kama jambo la ng'ombe. Katika modeli yangu liliingia kama maji yaliyocheleweshwa. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja, kwa hiyo nyasi zikizuia hata milimita chache mlimani, huo ni mzigo mkubwa ulioondolewa chini bila mfuko wa saruji.

Nilihama Singida, na Desemba 2011 nilikuwa Dar es Salaam mvua zilipoua zaidi ya watu 40. Mamlaka ya hali ya hewa ilisema mvua kama ile haikuonekana tangu 1954. Familia kutoka mabondeni zilipelekwa Mabwepande, na baadhi ya watu wakarudi mabondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Nikalikumbuka swali la mchimbaji: ukinihamisha, maji unanipa wapi? Swali ni lilelile, limebadili mji tu. Miaka michache baadaye, kuanzia 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa waliingia vichochoroni kwa mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaro, nyumba na mahali maji yalipofika. Nilifurahi kwa dhati. Jiji lilikuwa linafanya kwa maelfu ya nyumba kile tulichofanya kwa ukuta wa ghala moja: kuichukua kumbukumbu ya mkazi kama kipimo.

Halafu ikaja tarehe 3 Desemba 2023. Tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, jirani kabisa na Singida, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Msiba ule ulikuwa na sababu zake za kijiolojia, na sidai kwamba hesabu ya korongo ingeuzuia wote. Lakini njia ambazo tope lilipita zilikuwa makorongo, na kuna watu walioishi kando yake maisha yao yote. Kumbukumbu zao zilistahili kuandikwa mapema, pamoja na vipimo vya mvua ya mlimani saa kwa saa.

Hilo ndilo ninalolidai. Tunapata mabilioni kwa ajili ya mto wa jiji baada ya vifo, wakati makorongo mengi ya vijiji hayana hata kipima mvua. Vifaa vinavyohitajika si vya ajabu. Kila shule iliyo kwenye mteremko inaweza kuwa na kipima mvua na daftari lenye safu ya saa ilipoanza na saa ilipokatika. Kila kivuko kinaweza kupakwa mistari ya mita, na mtendaji wa kijiji akaandika maji yalipofika. Kila baada ya mafuriko makubwa, ofisi za mabonde zinaweza kutuma mtu mwenye leveli ndani ya wiki moja, kabla alama hazijafutika na mashahidi hawajahama. Na kabla halmashauri haijanunua bomba hata moja, iwe ni lazima kuonyesha kwa wananchi, kwa tarakimu, maji yanayotarajiwa kupita hapo na nani kule juu anayeyaongeza.

Modeli zitaendelea kuboreka. Ramani za leo ni nzuri kuliko ile niliyobeba Sekenke, na mvua ya setilaiti hupatikana bure kwa rekodi inayoanzia 1981. Vyote hivyo vinahitaji mahali pa kukaguliwa, na mahali hapo ni korongo lenye kipimo na mtu anayelijua. Taifa linaloweza kujenga daraja la Jangwani lina uwezo wa kununua vipima mvua vya Iramba. Kinachosubiriwa ni uamuzi, na ufanyike kabla ya Machi ijayo kuikuta ardhi imekwisha kufumba nyufa zake.